Habari za Nyumba ya Kipande na Sababu za Kuihifadhi



Ni desturi njema kwamba katika kijitabu cha taarifa ya mwaka, baada ya hesabu za fedha na habari za wagonjwa na za misiba, iwekwe nafasi ya kukumbushana mambo ya kale. Chama cha kusaidiana huanzishwa ili mtu asiachwe peke yake mjini. Humzika aliyekufa, humfariji aliyefiwa, na humpa nauli aliyekwama. Nasi twaona kwamba kumtunzia mtu habari za wazazi wake ni msaada vilevile, kwa sababu mtoto asiyejua baba yake alipita njia gani hataweza kujua kwa nini njia yake mwenyewe imekuwa nyepesi au nzito.

Mwaka huu tumeona yafaa tuandike juu ya nyumba moja ya mawe iliyo katikati ya mji wa Nairobi, kwenye Kenyatta Avenue, inapokutana na barabara ya Loita. Watu huiita Kipande House, yaani Nyumba ya Kipande. Vijana wengi huijua kuwa ni benki tu. Huingia, hutoa fedha zao, hutoka, wasijue kwamba mahali pale wanapopanga foleni ndipo babu zao walipopanga foleni pia, lakini kwa jambo lingine kabisa.

MJI ULIVYOANZA

Reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwezi wa Mei mwaka 1899. Kabla ya hapo palikuwa mahali pa maji baridi, malisho ya Wamasai, na mpaka wa mashamba ya Wakikuyu. Wenye reli walipiga kambi kwa kuwa mbele yao palikuwa na milima ya kupanda, nao walitaka mahali pa kuweka karakana na vifaa. Mahema yakawa vibanda vya mabati, na vibanda vikawa mji.

Mji huo wa mabati haukudumu. Mwaka 1902 tauni iliingia katika madukani ya Wahindi, na wakubwa wakaamuru yachomwe moto. Polepole wenye mali wakaanza kujenga kwa mawe ya kuchongwa, yale ya kijivu yanayochimbwa karibu na Nairobi. Nyumba za mawe zilizosimama mjini hata leo kutoka miaka ile ya kwanza si nyingi, na kila moja ni kama mzee aliyebaki peke yake katika rika lake.

Mwaka 1913 mkandarasi mmoja wa Kihindi, Gurdit Singh Nayer, alijenga nyumba ambayo leo twaiita Nyumba ya Kipande. Hakuijenga kwa ajili ya kipande. Aliijenga iwe makao na ghala la mizigo, kwa kuwa siku zile njia ya reli ilipita karibu, na mzigo uliweza kushushwa na kuwekwa upesi. Mwaka huohuo wa 1913 ilijengwa ofisi ya serikali iliyokuja kuwa ya Mkuu wa Jimbo, ambayo siku hizi ni mahali pa maonyesho paitwapo Nairobi Gallery. Basi nyumba hizi mbili ni za rika moja, wala haziko mbali mtu na mwenzake.

Baadaye serikali ya kikoloni iliikodi nyumba ya Gurdit Singh, ikaifanya mahali pa kuwaandikisha Waafrika na kuwapa vipande. Kuanzia hapo ikapata jina ambalo halijaiacha.

KIPANDE KILIVYOKUWA

Wako wanachama wetu waliozaliwa baada ya Uhuru wa mwaka 1963, ambao neno hili kwao ni kitambulisho tu. Kwa ajili yao hatuna budi kueleza.

Sheria ya kuwaandikisha wenyeji ilipitishwa mwaka 1915, lakini kwa sababu ya Vita Kuu haikutekelezwa kwa nguvu mpaka miaka ya 1919 na 1920. Sheria hiyo ilimtaka kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa miaka 16 ajiandikishe, apigwe alama za vidole, na apewe karatasi ya kubeba kila aendako nje ya kwao. Katika karatasi hiyo iliandikwa jina lake, kabila lake na mahali alikotoka. Kisha palikuwa na nafasi za mwajiri kujaza: jina la mwajiri, kazi aliyompa, mshahara, siku alipoanza, na siku alipoachishwa.

Hapo kwenye nafasi ya mwisho ndipo palipokuwa na mtego. Mfanyakazi ambaye mwajiri wake hakutia sahihi ya kumwacha hakuweza kuandikwa kazi kwingine kwa halali. Akiondoka bila sahihi, alihesabiwa kuwa mtoro, na alama za vidole zilizowekwa Nairobi ziliweza kumfuata hata akibadili jina. Kadhalika mshahara wa zamani ulikuwa umeandikwa waziwazi, hata mwajiri mpya akaona hana haja ya kuongeza. Na mtu aliyekutwa njiani bila kipande aliweza kutozwa faini au kufungwa gerezani.

Karatasi ile ilitiwa ndani ya kikebe cha bati, na kikebe kikafungwa kamba na kuvaliwa shingoni. Wakikuyu walikiita mbugi, yaani kengele ya mbuzi. Katika neno hilo moja mna malalamiko yote. Watu wazima, wenye wake na watoto, waliosikilizwa katika mabaraza ya kwao, walijiona wamefungwa kengele kama mifugo ya mtu mwingine. Wazungu hawakutakiwa kuibeba, wala Wahindi.

Waafrika hawakukaa kimya. Mwaka 1921 Harry Thuku, kijana aliyekuwa karani wa simu mjini Nairobi, pamoja na wenzake walianzisha chama cha kudai haki za Waafrika, na miongoni mwa madai yao yalikuwa kipande, kodi ya nyumba, na kupunguzwa kwa mishahara. Mwezi wa Machi mwaka 1922 Thuku alikamatwa. Watu walikusanyika mbele ya kituo cha polisi kumtaka aachiliwe, na tarehe 16 Machi polisi walipiga risasi katika umati. Hesabu ya serikali ilisema waliokufa ni 21. Wengine walisema ni wengi zaidi. Mmoja wa waliokufa ni Mary Muthoni Nyanjiru, mwanamke aliyewatia wanaume ari walipokuwa wakisitasita. Thuku alipelekwa Kismayu, akakaa uhamishoni kwa miaka mingi.

Kipande kiliendelea kwa miaka 25 mingine. Ni baada ya Vita vya Pili, askari wetu waliporudi kutoka Burma na kwingine, na chama cha KAU kilipoyakazania madai ya Waafrika, ndipo sheria ilipobadilishwa mwaka 1947 ili watu wa rangi zote waandikishwe. Hapo ndipo Wazungu wengine walipolalamika kwamba kupigwa alama za vidole ni kudhalilishwa. Wazee wetu walisikia malalamiko hayo, nao walijua vizuri maana yake.

Hata hivyo mateso ya karatasi hayakwisha siku hiyo. Baada ya Hali ya Hatari kutangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, Wakikuyu, Waembu na Wameru walilazimishwa kubeba vitabu vya pasi, na tarehe 24 Aprili 1954 mji wa Nairobi ulizingirwa na askari, watu wakachujwa mmoja mmoja kwa karatasi zao, na maelfu wakapelekwa kizuizini. Mizizi ya mambo hayo ni kipande.

Leo, miaka mingi baada ya Uhuru, Wakenya bado huita kitambulisho chao kipande. Sheria imekufa, lakini neno li hai. Na nyumba pia ingali imesimama.

NYUMBA NA BARABARA YAKE

Yafaa tuitazame barabara yenyewe. Mwanzo iliitwa Sixth Avenue, baadaye Delamere Avenue kwa heshima ya mkubwa wa walowezi, na baada ya Uhuru ikaitwa Kenyatta Avenue. Katika barabara hiyohiyo, mtu akitembea kutoka Nyumba ya Kipande kuelekea mashariki, ataona sanamu za askari na wapagazi Waafrika, zilizosimamishwa mwaka 1928 kuwakumbuka waliokufa katika Vita Kuu ya mwaka 1914 hadi 1918. Maneno ya kumbukumbu yameandikwa kwa Kiingereza, kwa Kiarabu na kwa Kiswahili. Wapagazi waliokufa katika vita vile kwa njaa na maradhi ni makumi ya maelfu, na jina la Kariokor lililoko Nairobi, kama lile la Kariakoo lililoko Dar es Salaam, limetokana na kikosi chao.

Basi tufikiri jambo hili. Katika barabara moja, serikali moja ilimshukuru Mwafrika aliyekufa, na ikamfunga kikebe shingoni Mwafrika aliyerudi hai. Mtu akisoma habari hizi kitabuni aweza kuzidharau. Lakini akisimama mwenyewe mbele ya sanamu, kisha akatembea dakika chache hadi kwenye nyumba ile, ataelewa bila kuelezwa na mwalimu. Hiyo ndiyo faida ya nyumba za kale. Ukiiondoa nyumba moja, ushahidi wa ile iliyobaki hupungua nusu.

HATARI ILIYOPO

Mwaka 1976 nyumba hii ilinunuliwa na Kenya Commercial Bank, nayo imeendelea kuwa tawi la benki. Pia imewekwa katika hesabu ya kumbukumbu za taifa. Kwa hiyo mtu aweza kusema: mbona mna hofu? Sisi twajibu kwamba ulinzi wa karatasi ni mwema, lakini hautoshi ukiwa peke yake.

Sababu ya kwanza ni thamani ya ardhi. Nyumba fupi ya mwaka 1913 imesimama katika sehemu ambapo majengo marefu yamepanda pande zote. Kila mwenye hesabu akiitazama huona kiwanja kilichokaliwa na nyumba ndogo, na hujiuliza kwa nini ghorofa chache zikae mahali panapoweza kubeba ghorofa nyingi. Fikira hiyo haina uovu, ni hesabu ya biashara. Lakini hesabu ya biashara hairudi nyuma, na nyumba iliyobomolewa hairudi pia.

Sababu ya pili ni mambo tuliyoyaona. Mwaka 1989 palikuwa na shauri la kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Wangari Maathai alipinga, akatukanwa hadharani, lakini hakuacha, na mwishowe jumba halikujengwa. Mwaka 1991 likaja shauri la kujenga mahali pa kuegesha magari katika bustani ya Jeevanjee, ambayo A. M. Jeevanjee aliitoa kwa wakaaji wa mji mwaka 1906. Hapo tena wananchi walisimama, wakiongozwa na mjukuu wa mwenye kuitoa, na bustani ikaokoka. Mahali hapo pote pawili palikuwa mali ya watu wote, na papo hapo palikaribia kupotea. Palipona kwa sababu watu walisema.

Sababu ya tatu ni mfano wa mahali ambapo watu walichelewa kusema. Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966, alikusanya vitabu, stempu na kazi za sanaa za Afrika kwa miaka mingi. Katika miaka ya 1970 aliiuzia serikali makusanyo yake pamoja na nyumba yake ya Muthaiga, akikusudia nyumba hiyo iwe mahali pa masomo ya mambo ya Kiafrika. Vitabu na vitu vingi vilitunzwa, na leo mtu aweza kuviona katika Nyumba ya Hifadhi za Taifa. Lakini nyumba ya Muthaiga haikutunzwa kama alivyotaka. Iliachwa ikaharibika, kisha ikabomolewa. Murumbi alifariki mwaka 1990. Ahadi ilikuwapo, na mwenye nyumba alikuwa mtu mashuhuri, na nia ilikuwa njema. Kilichokosekana ni watu wa kuuliza kila mwaka: nyumba ile i hali gani?

MANENO YA WANAOTAKA IONDOLEWE

Sasa tuje kwenye neno gumu, ambalo baadhi ya wazee hulisema kwa uchungu, nasi hatuna ruhusa ya kulipita. Husema hivi: "Nyumba ile ilikuwa nyumba ya aibu yetu. Kwa nini tuitunze? Mwenye kuumwa na nyoka hatunzi ngozi yake ukutani. Ibomolewe, na mahali pake pajengwe kitu kitakachowapa wajukuu wetu kazi."

Neno hili lina uzito, kwani limetoka kwa watu walioyaona mambo kwa macho yao, au walioyasikia kwa baba zao. Hata hivyo tunaomba ruhusa ya kujibu kwa heshima.

Kwanza, tazameni Fort Jesus ya Mombasa. Wareno waliianza mwaka 1593. Waarabu wa Oman waliitwaa mwaka 1698 baada ya kuizingira karibu miaka mitatu, na watu wengi mno walikufa ndani yake. Waingereza waliifanya gereza kwa zaidi ya miaka 60. Kama nyumba ya uchungu ingestahili kubomolewa, hakuna iliyostahili kuliko ile. Lakini mwaka 1958 ilifanywa kumbukumbu ya taifa, ikafunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1960, na mwaka 2011 ikaingizwa katika urithi wa dunia. Watoto wa shule huingia leo kwa miguu yao na kutoka kwa miguu yao, katika mlango ambao mababu waliingizwa kwa pingu. Huko ndiko kushinda.

Pili, tazameni Kapenguria. Vyumba walimofungwa Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Kung'u Karumba, Fred Kubai, Paul Ngei na Achieng Oneko wakati wa kesi yao ya mwaka 1952 na 1953 havikubomolewa. Vimekuwa makumbusho. Hakuna aendaye kule akasema kwamba twatukuza gereza.

Tatu, aibu ile haikuwa yetu. Aliyefungwa kikebe shingoni hakufanya kosa lolote. Alitafuta kazi ili alipe kodi na kulisha watoto. Aibu ni ya waliotunga sheria. Nyumba ikiondolewa, hao ndio watakaofaidika, kwa kuwa itakuwa rahisi kwa wajukuu wao, na hata kwa wajukuu wetu, kusema kwamba mambo hayo yametiwa chumvi. Ukuta wa mawe haubishiwi.

Tena tusisahau kwamba katika mawe yale mna jasho la mafundi. Mhindi aliyejenga, mafundi waliochonga mawe, na Waafrika waliobeba mawe hayo wakichanganya udongo na chokaa, hao wote walifanya kazi nzuri, na kazi yao imekaa zaidi ya miaka 100. Walijenga nyumba, wengine ndio walioitia ubaya.

MWENYE NYUMBA ASIDHULUMIWE

Hata hivyo, mwenye haki husema pande zote mbili. Nyumba ya kale ni mzigo. Paa lake huvuja, mifereji yake huziba, na matengenezo yake hutaka fundi anayejua chokaa, kwa kuwa saruji ngumu ikipakwa ovyo juu ya ukuta uliojengwa kwa chokaa hufungia unyevu ndani, na jiwe huanza kumomonyoka. Mwenye nyumba akikatazwa kubomoa na asisaidiwe kutunza, ataiacha ianguke yenyewe, na sheria itakuwa imeshindwa.

Mji wa New York huko Marekani ulifundishwa jambo hili kwa hasara. Mwaka 1963 ulianza kubomoa stesheni kubwa ya Pennsylvania, iliyofunguliwa mwaka 1910, ili kiwanja chake kitumike kwa majengo mengine. Watu waliona uchungu, na mwaka 1965 sheria ya kulinda nyumba za kale ikapitishwa. Kisha wenye stesheni ya Grand Central nao wakataka kujenga mnara mrefu juu yake. Mji ukakataa, kesi ikafika Mahakama Kuu ya nchi, na mwaka 1978 mji ukashinda. Lakini mji haukumwacha mwenye nyumba mikono mitupu. Ulimruhusu kuihamisha haki yake ya kujenga juu, aitumie katika viwanja vingine vya karibu. Hivyo nyumba ikabaki, na mwenyewe asipoteze faida yote.

Hapa kwetu sheria zipo. Iko Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006. Iko Katiba ya mwaka 2010, ambayo katika kifungu cha 11 inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, na katika kifungu cha 10 inawapa wananchi nafasi ya kushiriki katika mambo ya utawala. Mipango ya majengo iko mikononi mwa serikali ya kaunti, na kumbukumbu za kale zenye umuhimu wa taifa ziko chini ya serikali kuu. Mahali ambapo kazi imegawanywa hivyo, kitu huweza kuanguka katikati, kila mmoja akidhani mwenzake amekishika. Ndiyo maana vyama kama chetu vina kazi: kuuliza pande zote mbili, kwa adabu, na kuuliza tena.

Wala nyumba ya kale si lazima ikae bure ili ihifadhiwe. Nyumba ya Hifadhi za Taifa iliyoko Moi Avenue ilikuwa benki zamani. Leo imejaa majalada ya nchi yetu, na watu huingia kila siku. Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931 kwa ajili ya Wazungu, ilifunguliwa baadaye kwa watu wote, na mtoto wa Mwafrika akaketi akasoma mahali ambapo baba yake hakuruhusiwa kuingia. Nyumba ya Kipande yenyewe imesalia kwa sababu inatumika. Nyumba ni kama jembe: lisiloshikwa huliwa na kutu.

TUNAYOWAOMBA WANACHAMA

Kwa hiyo tunatoa maombi manne, nayo hayahitaji fedha nyingi.

La kwanza, kila mwenye kipande cha zamani, kikebe chake, kitabu cha pasi, au picha ya miaka ile, asiitupe na asiiuze kwa wapita njia. Aionyeshe kwa kamati, nakala ichukuliwe, naye akipenda aikabidhi mahali pa kuhifadhiwa kwa hati ya maandishi.

La pili, wazee waandikwe maneno yao upesi. Mtu aliyevaa kipande kabla ya sheria ya mwaka 1947 sasa amepita miaka 90. Hao wamebaki wachache, na kila mazishi tunayoyachangia huondoka na ukurasa ambao haukunakiliwa. Vijana wenye kujua kusoma na kuandika na wakae nao.

La tatu, wazazi wawapeleke watoto wao kuiona nyumba ile. Wasimame nje, watazame mawe, waambiwe habari. Baadaye wakitoa fedha zao ndani watajua wamesimama wapi. Nasi twapenda kuona pale ubao wa maelezo kwa Kiswahili, ambao mama wa sokoni na mpanda matatu wataweza kuusoma.

La nne, tangazo lolote la kubadili matumizi au kubomoa nyumba ya kale mjini likitokea, mwanachama atakayeliona alilete kwa kamati siku ileile. Muda wa kutoa pingamizi huwa mfupi, na barua inayofika baada ya tingatinga haisomwi na mtu.

Twajua kwamba chama chetu si kikubwa, na kwamba shilingi zetu zina kazi nyingi: karo, hospitali, majeneza. Hatusemi wagonjwa waachwe ili kuta zitunzwe. Tunasema kwamba wale waliosimama kwenye foleni ya mwaka 1920, wakapigwa wino vidoleni na kufungwa kamba shingoni, nao ni wagonjwa wetu na wafu wetu. Hawakuachiwa makaburi yenye majina. Wameachiwa nyumba moja. Mwacha asili ni mtumwa, na baba zetu walikwisha kuonja utumwa huo wa kutosha.

Tunawatakia wanachama wote na jamaa zao mwaka wa afya na wa amani.